Miaka mitatu Starkville, Mississippi: uzoefu wangu wa kuishi kwenye mji wa chuo

Kila mwaka, nafasi za masomo zikishatoka, napata ujumbe wa mtu aliyekubaliwa Mississippi State, chuo kikuu kilichoko Starkville, kusini mwa Marekani, akiuliza swali lilelile: huo mji ukoje? Naandika mara moja, kwa urefu, ili mtu asifunge safari akiwa gizani. Mimi nilitoka Morogoro Agosti 2022 kuja kusoma sayansi ya chakula, na leo, mwisho wa Julai 2025, bado niko hapa. Nikiambiwa niupe mji nyota, naupa nne kati ya tano. Ile moja iliyopungua nitaieleza, maana imenigharimu fedha na usingizi.

Kwanza ondoa kichwani ile Marekani ya maghorofa. Starkville ina wakazi zaidi kidogo ya 24,000, na chuo kina wanafunzi zaidi ya 22,000. Ukishuka kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Golden Triangle ukitokea Atlanta, unachokiona ni misonobari, malisho ya ng'ombe na barabara iliyonyooka. Joto la Agosti halitamshangaza mtu wa Dar es Salaam. Ni lile la kukutoa jasho ukiwa umekaa tu. Chuo kilianzishwa 1878 kama chuo cha kilimo, na bado kina harufu ya shamba. Kina ng'ombe wake wa maziwa, na duka lake linauza aiskrimu na jibini ya Edam iliyozungushiwa nta nyekundu, duara kama mpira. Nimekula jibini nyingi kwa sababu ya masomo yangu, na hiyo bado naipenda.

Usafiri: basi la SMART ni bure kwa kila mtu, awe mwanafunzi au mwenyeji. Unapanda, unasalimia dereva, unakaa. Miezi kumi na minane ya mwanzo niliishi kwa basi hilo bila gari, nikienda darasani, sokoni na kliniki. Nakushauri uchague nyumba kwa kutazama ramani ya njia zake kwanza, kabla hujatazama picha za jiko na bwawa la kuogelea. Kutembea kwa miguu kunawezekana chuoni na katikati ya mji, lakini ukitoka hapo njia ya waenda kwa miguu inakatika ghafla na unabaki kwenye majani, magari yakikupita kwa kasi.

Chakula ndicho kilichonituliza. Bamia zipo tele. Majani wanayoyachemsha kila Jumapili ni ndugu kabisa wa sukuma wiki. Kunde zipo, na hazikufika huku zenyewe: zilitoka Afrika katika zile merikebu za watumwa. Kambare hufugwa kwa wingi jimboni, hupakwa unga wa mahindi na kukaangwa. Viazi vitamu vinatoka Vardaman, si mbali na hapa, ila ni vya rangi ya chungwa na vina majimaji. Usitegemee kile kiazi kikavu cha kunywea chai.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu ugali. Unga mweupe wa mahindi unauzwa kila duka, kwa sababu watu wa Kusini wanauokea mkate wao. Lakini pakiti nyingi zimeshachanganywa chumvi na baking poda. Nilisonga ugali wangu wa kwanza ukaumuka sufuriani kama andazi, wenye chumvi, na nililia kwelikweli, maana nilikuwa na wiki mbili sijala chakula cha nyumbani. Soma viambato nyuma ya pakiti. Utafute iliyoandikwa mahindi peke yake. Na bei unayoiona rafuni haijaingia kodi. Vyakula vya dukani vilikuwa vikitozwa asilimia 7, tangu tarehe 1 Julai 2025 ni asilimia 5. Kwa posho ya mwanafunzi, hiyo tofauti inaonekana.

Watu wanasalimiana. Nimesikia Watanzania walioko miji mikubwa wakilalamika kwamba jirani anakupita kama nguzo. Hapa si hivyo. Mtu usiyemjua anakuuliza hali kwenye foleni ya duka na anasubiri jibu. Watoto huwaitikia wakubwa kwa adabu, kama sisi tulivyofundishwa kuitika "abee". Hata Kiingereza chao kina neno lake la kuwaita watu wengi, "y'all", yaani ninyi, na mimi niliyezoea kutenganisha wewe na ninyi nililishika siku ya kwanza.

Ila usije ukidhani salamu imefuta historia. Mwanafunzi wa kwanza mweusi, Richard Holmes, aliingia chuo hiki 1965. Mama yangu alikuwa ameshazaliwa. Miaka miwili kabla yake, Machi 1963, timu ya kikapu ya chuo ilibidi itoroke jimboni ili ikacheze na timu ya chuo cha Loyola cha Chicago, kwa kuwa Loyola ilikuwa na wachezaji weusi na wakubwa wa jimbo hawakutaka. Leo darasani tunakaa pamoja, lakini Jumapili asubuhi watu weusi wengi huenda makanisa yao na weupe yao. Mimi nasali kwenye kanisa dogo la Kibaptisti la watu weusi, na huko ndiko nilikopata mama wa pili, nitakayemtaja hapo chini.

Jumamosi za mpira wa Kimarekani, kuanzia Septemba, mji hugeuka. Uwanja wa Davis Wade unachukua watu kama 60,000, yaani zaidi ya mara mbili ya wakazi wote. Fanya manunuzi Ijumaa. Mashabiki wanabeba kengele za ng'ombe. Ligi ya vyuo ilizikataza 1974, wao wakaendelea kuziingiza kwa siri, mpaka 2010 zikaruhusiwa kwa masharti. Mara ya kwanza kuzisikia kwa mbali nilisimama dirishani. Kwetu, sauti hiyo ni ya jioni, mifugo inarudi bomani.

King'ora cha tonado, kile kimbunga kinachozunguka kama nguzo hadi ardhini, ni sauti nyingine kabisa. Majira ya kuchipua na mwezi Novemba ndiyo hatari zaidi. Usiku wa kwanza kilipolia nilitoka nje kutazama mawingu, na jirani akanivuta mkono kuniingiza ndani. Ingia chumba cha katikati kisicho na dirisha, ghorofa ya chini, vaa viatu, simu iwe na chaji. Jisajili kwenye ujumbe wa tahadhari wa chuo siku ileile unayofika.

Sasa ile nyota iliyopotea. Nyumba za wanafunzi hapa hupangishwa kwa kalenda ya chuo. Mkataba wangu wa kwanza uliisha 31 Julai, na ule mpya, kwenye jengo jingine, ulianza katikati ya Agosti. Hakuna aliyenieleza kwamba siku za katikati ni juu yangu. Mji mzima unahama wiki hizo. Magodoro yako barabarani, hoteli zinapanda bei. Nilikuwa na masanduku manne na sina gari. Yule bibi wa kanisani, wa miaka sabini na kitu, alikuja na gari lake la pikapu, akapakia na mimi, akanipa chumba cha mjukuu wake kwa siku kumi na tatu. Nilipotaka kumlipa alinitazama kama nimemtukana. Kampuni iliyonipangisha, nayo, ilikata sehemu kubwa ya amana yangu kwa doa la zulia lililokuwepo nilipoingia, na sikuwa na picha ya kuthibitisha.

Kwa hiyo: piga picha kila kona siku ya kuingia, uzitume kwa barua pepe ili zibaki na tarehe. Anza kutafuta nyumba mapema, kabla hata ya likizo ya Machi. Uliza kwa maandishi mkataba unaisha lini na unaofuata unaanza lini. Kama kuna pengo, sema mapema kwa watu. Aibu ya kuomba kulala kwa mtu ni ndogo kuliko kulala stendi.

Mwaka huu nina gari na nyumba yenye chumba cha ziada. Masanduku ya kaka mmoja wa Kakamega yamefika jana, na dada wa Mwanza anakuja Alhamisi. Bibi ameshasema ataleta sufuria ya kunde.