Kubadilisha alamu ya waya mwenyewe: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Kama nyumba yako ina alamu ya zamani ya waya, yaani lile boksi la chuma limefichwa kabatini au stoo lina betri ndani na utitiri wa waya, usikimbilie kung'oa kila kitu. Mara nyingi kilichozeeka ni boksi tu. Zile swichi za sumaku za milangoni na madirishani hazitumii umeme wa maana wala hazina betri, ni vipande viwili vyembamba vya chuma ndani ya kioo, sumaku ikisogea vinagusana basi, zinakaa miaka na miaka. Na kazi ngumu kuliko zote, kupitisha waya ndani ya kuta, ilishafanyika na ilishalipiwa. Ndo maana nimepanga hivi vifaa kwa kuangalia mambo mawili: kinaokoa waya kiasi gani, na king'ora kitalia hata kama intaneti imekatika? Mengine sijui apu nzuri sijui kuongea na spika hayo ni mbwembwe, yanakuja baadaye.

Kabla hujatoa hela chukua multimita (kipimo cha umeme cha mkononi), hiyo ya bei rahisi kabisa inatosha. Piga picha boksi lote, bandika lebo kila waya kabla hujachomoa hata mmoja. Kama kuna kampuni inayokufuatilia alamu wapigie kwanza waambie unafanya kazi, la sivyo utashtukia walinzi getini, na uulize mkataba unaisha lini maana kuna watu wametoa boksi halafu bili inaendelea kuja. Zima transfoma, kisha toa betri, na ujue king'ora cha nje kikiwa na betri yake kitapiga kelele ukikata waya, hiyo ni kawaida, kimetengenezwa hivyo. Sasa pima ukinzani wa kila zoni (mlango, dirisha au kundi la sensa lenye waya wake kwenye boksi) mlango ukiwa umefungwa. Ukiona kama omu 5600 kuna rezista (kipande kidogo kinachoongeza ukinzani kwenye waya) za kampuni ya alamu ya DSC, ukiona 2000 uwezekano mkubwa ni za kampuni ya Honeywell, ukiona karibu sifuri basi hakuna rezista kabisa. Namba hiyo iandike pembeni ya kila zoni kwa sababu paneli mpya nyingi (yaani maboksi mapya) zinataka rezista za thamani yake zenyewe, na ile ya zamani inabidi itoke, na ukiwa na bahati mbaya imefichwa kule kwenye sensa na sio kwenye boksi.

Halafu swali moja: boksi bado linafanya kazi? Kama ni DSC PowerSeries au Honeywell Vista na unachotaka ni kuiona kwenye simu tu, nunua Envisalink 4 ukae kwa amani. Ni bodi ndogo inaunganishwa kwenye zile waya nne zinazoenda kwenye kipedi (kile cha ukutani cha kubonyeza namba) na waya mwingine kwenye ruta, sensa zote zinabaki kama zilivyo. Huenda ukahitaji namba ya siri ya fundi ili uiwashe, bila hiyo unaweza kusumbuka. Hii siiweki kwenye msimamo kwa sababu hubadilishi chochote, ila ingekuwepo ingeongoza.

Boksi likiwa limekufa, namba moja kwangu ni paneli mpya ya waya, paneli kweli kweli kama DSC PowerSeries Neo. Ile HS2032 ina zoni 8 za waya kwenye bodi yenyewe na unaongeza kwa moduli mpaka 32. Uzuri wake inafikiri yenyewe, ruta ikizimwa au kampuni ya apu ikifilisika mlango ukivunjwa king'ora kinalia vilevile. Pia unaweza kuchanganya na sensa zisizo na waya pale ambapo waya haukufika. Ubaya wake ni kuiprogramu, unaingiza namba za kila kipengele cha mipangilio kwenye kipedi huku kitabu kimefunguka mapajani, inachosha, hakuna njia ya kuipamba hiyo. Ila unafanya mara moja. Na hapa piga hesabu ya umeme: sensa za mwendo zinakula miliampea kumi hadi ishirini hivi kila moja, jumlisha na vipedi, angalia paneli inaruhusu kiasi gani. Betri ya volti 12 ya 7Ah (ampea-saa 7) ikibeba mzigo wa nusu ampea inakupa kama masaa 14 kwenye karatasi, kiuhalisia chini ya hapo. Nunua betri mpya siku hiyohiyo, hizi za risasi zinachoka baada ya miaka 3 hadi 5 hata kama haijawahi kutumika.

Namba mbili ni bodi kama ya Konnected. Unahamishia waya zako zote humo halafu Home Assistant au SmartThings, mifumo ya kuendesha vifaa vya nyumbani kutoka kwenye kompyuta au kifaa kidogo, ndo inakuwa akili ya mfumo. Kwa mtu anayependa kuchezea vitu hivi ni raha tupu, mlango ukifunguka usiku taa zinawaka, unapanga utakavyo. Kwa nini isiwe ya kwanza? Kwa sababu ile kompyuta au kifaa kinachoendesha mfumo kikiganda, alamu nayo imeganda. Iweke pamoja na ruta kwenye yupiesi (UPS, kifaa cha betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika), bila hivyo ni kengele ya mlangoni ya gharama.

Tatu ni vigeuzi, vinavyochukua waya wa zamani na kutuma taarifa hewani kwa paneli isiyo na waya. Ring wana cha zoni 8, Qolsys zoni 16, Ajax MultiTransmitter zoni 18. Hii inafaa kama tayari una au unataka mfumo wa kampuni hiyo, vinginevyo unajifunga kwao. Soma vizuri kabla ya kununua kama kinatoa umeme kwa sensa za mwendo, maana vingine vinasoma waya tu na umeme utautafuta mwenyewe.

Mwisho kabisa ni kutupa kila kitu na kununua seti nzima isiyo na waya. Inafungwa mchana mmoja ni kweli, lakini madirisha ishirini ni betri ishirini za kubadilisha, na mawimbi yanaweza kuzibwa na mtu anayejua anachofanya. Kwa mpangaji sawa. Kwa nyumba yenye waya ukutani sioni sababu.

Kitu kimoja usikiguse kirahisi ni sensa za moshi. Zile za waya mbili zinahitaji paneli yenye sehemu yake maalumu, ukizichomeka kwenye zoni ya kawaida zinaweza kukaa kimya siku unayozihitaji. Kama unachonunua hakizikubali, weka za moshi zinazojitegemea, zilizounganishwa zenyewe kwa zenyewe, na uzijaribu kabla hujazitoa za zamani.