TAHADHARI: Usiuziwe damseli wa "kuanzishia tangi"

Wadau wa matangi ya maji chumvi, kuna mchezo unaochezwa na baadhi ya wauzaji wa samaki wa mapambo, na anayepigwa ni yule anayenunua tangi lake la kwanza. Siku hiyo hiyo anabebeshwa tangi, chumvi, mawe na damseli (samaki wadogo wa miamba ya baharini) watano au sita. Anaambiwa, "Hawa ni wagumu, hawafi. Waache wakomaze tangi, kisha uje uchukue wengine." Usikubali.

Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kugeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Amonia anayoitoa samaki inabaki majini, na kwa kuwa pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya tangi la matumbawe ni 8.1 hadi 8.4, inakuwa kali zaidi na kuunguza matamvua. Ugumu wa damseli maana yake ni kwamba anachelewa kufa, basi. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6, wala hawahitaji samaki. Tia amoniamu kloraidi isiyo na manukato wala sabuni mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Tangi likiweza kuimaliza dozi hiyo ndani ya saa 24, amonia na nitriti zote zikasoma sifuri, badilisha sehemu ya maji kushusha nitrati, ndipo ulete samaki wa kwanza.

Walionusurika nao ni hasara. Damseli hujitwalia eneo la mwamba, na samaki mpole anayeingia baadaye hufukuzwa, hung'atwa mapezi, hunyimwa chakula. Kumtoa kwa wavu ni kazi bure, maana anajificha kwenye matundu ya mawe. Utalazimika kuyatoa mawe yote au kumtegea chupa yenye chakula ndani. Damseli huwekwa mwisho, si mwanzo.

Angalieni sana majina. Domino, yule mdogo mweusi mwenye madoa matatu meupe, huuzwa kama samaki mpole wa tangi dogo. Anafika sentimita 14, madoa yanafifia, na anakuwa mbabe. Mkiambiwa ni nadra ili bei ipande, jueni kwamba anapatikana kwenye miamba ya pwani ya Kenya na Tanzania, wadogo wakikaa kwenye anemoni. Neoglyphidodon melas ni mtego mbaya zaidi: akiwa bado mdogo ni mweupe mwenye mgongo wa njano, mzuri kweli, lakini akikua anageuka mweusi mwili mzima na kufika sentimita 18 hivi. Ulizeni jina la kisayansi kabla ya kutoa hela. Kwa tangi la lita 100 na zaidi, Chrysiptera parasema, wa bluu mwenye mkia wa njano, ndiye anayefaa. Hazidi sentimita 7 hivi na ana afadhali ya tabia.

Jambo ambalo wengi hawalipimi ni chumvi ya maji ya mfuko aliofungiwa samaki. Wapo wauzaji wanaoweka samaki kwenye uzito linganifu (kipimo cha chumvi ya maji) wa 1.018 ili kubana vimelea na kuokoa gharama ya chumvi. Ukimhamishia ghafla kwenye tangi lako la 1.025, anaweza kuonekana mzima kisha akafa baada ya siku chache, na muuzaji atakwambia kosa ni lako. Pima maji ya mfuko mbele yake. Ukikuta chumvi yake iko chini, andaa tangi la karantini lenye chumvi hiyo hiyo, kisha ipandishe kwa 0.002 tu kwa siku. Maji ya mfuko usiyamwage kwenye tangi la matumbawe hata kidogo: yakiwa na dawa ya shaba, yanaua konokono, kamba na matumbawe.

Tena, usilipe kabla hujamwona samaki akila. Waliovuliwa kwa sianidi (sumu ya kuwalewesha samaki) huweza kung'aa rangi vizuri dukani, na nyumbani hakuna kipimo cha kuwatambua.

Kama umeshauziwa na tangi ni jipya, pima amonia kila siku. Ikifika miligramu 0.25 kwa lita, badilisha robo hadi nusu ya maji, kwa maji yenye chumvi na joto lile lile. Lisha kidogo mara moja kwa siku, na usiongeze samaki yeyote mpaka vipimo visome sifuri wiki nzima.