Riwaya za marafiki wanaopendana: uzoefu wangu wa kuzisoma hapa Kigoma

Nianze kwa kusema wazi kwamba katika riwaya zote za mapenzi, hizi ndizo ninazozipenda zaidi. Za bosi tajiri na katibu muhtasi wake zilinichosha zamani. Za maadui wanaotukanana sura kumi halafu wakaangukiana vifuani nazisoma nikikosa kingine. Ninazozitafuta ni zile ambazo watu wawili wameshajuana miaka, wameshakula pamoja, wameshanuniana na kupatana, kila mmoja anajua mwenzake anaogopa nini, halafu siku moja mmoja anamwangalia mwenzake na moyo unagoma kurudi pale ulipokuwa jana.

Nafanya kazi steshenari, Mwanga. Asubuhi ni foleni ya kopi na picha za pasipoti, lakini kuanzia saa nane mchana wateja hupungua, na hapo ndipo ninaposoma, kwenye simu au kwenye kitabu cha mtumba nikibahatika kukipata. Nyingi nilizozisoma ni za Kiingereza. Za Kiswahili nitazifikia, maana nina la kusema.

Kipimo changu cha riwaya ya aina hii ni kimoja: je, mwandishi amenifanya niuogopee urafiki wao? Katika mapenzi ya kawaida, anayekataliwa humkosa mtu aliyemtamani. Hapa anayekataliwa humkosa mtu ambaye angemkimbilia kwenda kumlilia kwamba amekataliwa. Mwandishi akiniandikia tu “walikuwa marafiki tangu utotoni” kisha akakimbilia busu, hajanipa urafiki wowote wa kuuogopea, na mimi siendelei naye.

Aliyelifanya hili vizuri kuliko wote niliowasoma ni Jane Austen katika Emma, kitabu kilichotoka Uingereza mwishoni mwa mwaka 1815. Najua kuna watakaosema ni Kiingereza cha kizamani na kwamba kurasa hamsini za mwanzo ni watu kutembeleana na kunywa chai. Ni kweli, na nawaomba mvumilie, kwa sababu kutembeleana kwenyewe ndiko urafiki. Emma Woodhouse ni binti wa karibu miaka 21, mzuri, mwenye fedha, aliyezoea kuambiwa ndiyo. Jirani yao George Knightley ana miaka 37 au 38, na mdogo wake amemwoa dada yake Emma. Anafika nyumbani kwao kila mara, anamsikiliza mzee Woodhouse na hofu zake za magonjwa, anatania, anarudi kwake. Mwanzoni kabisa Austen anatueleza kwamba Knightley ni mmoja wa watu wachache wanaoziona kasoro za Emma, na ndiye peke yake anayemwambia.

Shikilieni hapo. Wengine wote wanamsifia Emma. Yeye anamwambia ukweli, na ukweli wake unafika kilele siku ya matembezi ya Box Hill. Emma, kwa kutaka kuchekesha watu, anamtupia neno la kejeli Miss Bates, mama wa makamo asiyeolewa, maskini, mwenye maneno mengi na moyo safi. Knightley anamsubiri Emma mpaka wawe peke yao karibu na gari la farasi, anamwambia amefanya vibaya: yule mama angekuwa tajiri, utani huo ungeweza kuachwa upite, lakini ni maskini, na amekuona tangu ukiwa mtoto. Emma analia njia nzima, na kesho yake asubuhi anakwenda kwa Miss Bates. Hakuna ua wala shairi katika tukio hilo, na kwangu mimi ndiyo sura ya mapenzi kuliko zote kitabuni. Nilipoimaliza nilijiuliza ni nani katika maisha yangu anaweza kuniambia vile na bado nikatamani arudi kesho.

Kisha kuna dansi. Hapa kwetu, msichana akionekana na kijana yule yule mara mbili tatu, jibu lake liko tayari mdomoni: “Huyu ni kama kaka yangu.” Sote tumelisikia, wengi wetu tumelitoa. Emma naye analo. Knightley anapomwomba wacheze, Emma anajibu kwamba kwa kweli wao si kaka na dada kiasi cha kuwa vibaya wakicheza pamoja, na Knightley anaruka: kaka na dada? Hapana, hata kidogo! Sentensi mbili tu, na tangu hapo msomaji anajua kitu ambacho Emma bado hakijui.

Nilimsimulia shangazi yangu hadithi hii jioni moja tukichambua dagaa. Shangazi hasomi riwaya, lakini kwa kusikiliza ni hodari. Akanikatiza: “Ngoja kwanza, mwanangu. Huyo bwana anaingia kwa baba wa binti kila siku, anakaa mpaka usiku, hana mke, na mtaa mzima hakuna aliyeshtuka?” Nikamweleza kwamba alikuwa kama ndugu wa familia. Akasema, “Basi hao majirani wa huko hawana kazi yao.” Shangazi alinifungua macho. Kwetu Ujiji au Mwanga, majirani wangewaoza hao kabla wenyewe hawajajua wanapendana. Ndiyo maana msomaji wa huku anazisoma riwaya hizi na hamu ya ziada: zinampa mwanamume na mwanamke nafasi ya kuwa marafiki kwanza, kwa miaka, bila mtu kuwachungulia dirishani.

Na mwisho wa Emma ndio uliothibitisha kipimo changu. Harriet, rafiki mdogo wa Emma, anamwambia kwamba anampenda Knightley na anadhani naye anampenda. Papo hapo Emma anatambua kwamba Knightley hapaswi kuoa mwingine ila yeye. Siku chache baadaye wanatembea bustanini, Knightley ana jambo anataka kulisema, na Emma kwa hofu anamzuia, akidhani ataambiwa habari za Harriet. Knightley ananyamaza, ameumia. Emma anamwona. Anarudi nyuma, anamwambia kwamba kama rafiki, aseme lolote, atamsikiliza. Yaani amekubali kuvunjwa moyo ili rafiki yake apate pa kuzungumzia. Na ni kwa sababu ya kukubali huko ndipo Knightley anatoa la moyoni. Wanyonge wa uandishi huugeuza urafiki kuwa ukuta unaozuia mapenzi. Austen ameufanya kuwa mlango. Niliisoma sehemu hiyo dukani, mteja akanisubiri na karatasi zake mkononi, na sikumwona.

Baada ya Emma nawapendekezea Anne wa Kanada, vitabu vya L. M. Montgomery. Gilbert Blythe anaanza vibaya: anamvuta Anne nywele darasani na kumwita karoti kwa wekundu wa nywele zake, Anne anampasulia kibao cha kuandikia kichwani na kumnunia miaka. Wanapatana mwishoni mwa Anne of Green Gables (1908), Gilbert anapomwachia Anne nafasi ya kufundisha shule ya kijijini ili abaki karibu na Marilla, mama mlezi wake, baada ya kifo cha Matthew, kaka wa Marilla. Gilbert mwenyewe anakwenda kufundisha kijiji kingine. Kwa anayejua maana ya kupangiwa kituo cha kazi mbali na nyumbani, kitendo hicho hakihitaji maelezo. Katika Anne of the Island (1915) Gilbert anamwomba uchumba na Anne anakataa, kwa sababu kichwani mwake ana picha ya mwanamume mwingine kabisa, mrefu, wa macho ya huzuni, na mwanamume wa namna hiyo anajitokeza kweli. Sitasema zaidi, ila kuna homa ya matumbo, na kuna usiku mmoja mrefu. Malalamiko yangu ni kuhusu ugonjwa huo. Ni njia rahisi, mwandishi anamlaza mtu kitandani ili mwenzake azinduke. Lakini urafiki umejengwa vitabu vitatu, kwa hiyo nilimsamehe Montgomery na machozi yalinitoka.

Za siku hizi, inayosifiwa sana ni People We Meet on Vacation ya Emily Henry (2021). Poppy ni mwandishi wa gazeti la utalii New York, Alex ni mwalimu aliyerudi mji mdogo walikotoka wote wawili. Kila kiangazi husafiri pamoja, mpaka safari ya Croatia ilipotokea jambo na wakaacha kuongea kwa miaka miwili. Sura moja iko leo, inayofuata inarudi kiangazi cha nyuma, na hilo jambo la Croatia unafichwa mpaka karibu na mwisho. Utani wao ndio unaobeba kitabu. Wana vichekesho vyao ambavyo mtu wa tatu hawezi kuvielewa, na marafiki wa kweli ndivyo walivyo. Kinachonichelewesha ni kwamba fedha za safari mara nyingi ni za gazeti, na shida zao kubwa ni kiyoyozi kibovu. Pia ina kurasa za chumbani, kwa hiyo simu usimpe mdogo wako. Lakini hofu ipo. Poppy anaogopa kumpoteza Alex kuliko anavyoogopa kuwa peke yake, na ukurasa hadi ukurasa unaamini.

Where Rainbows End ya Cecelia Ahern wa Ireland (2004) sikuipenda kama wengine wanavyoipenda. Karibu yote ni barua na ujumbe, inasomeka haraka sana, na Rosie anachekesha. Ila kila yeye na rafiki yake wa utotoni wanapokaribia kuambiana, kinatumbukia kitu kutoka nje: mimba, ndoa ya mtu mwingine, barua iliyofichwa. Miaka inakwenda mpaka nikachoka. Kizuizi kinachotoka nje hakiupimi urafiki, kinauchelewesha tu.

Sasa nyumbani. Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na labda ndiyo maana hadithi zetu hazina subira ya kukificha. Mkoa huu umemzaa mwandishi Ben R. Mtobwa, aliyetupa mpelelezi Joram Kiango, na riwaya pendwa za Kiswahili zina mapenzi tele, lakini kwa kawaida ni mapenzi ya moto tangu siku ya kwanza, yenye bunduki au fitina pembeni. Siku hizi tumehamia kwenye simulizi za WhatsApp. Unapata sehemu chache za mwanzo bure, ukinogewa unalipia kwa simu, unaingizwa kwenye kundi la waliolipa. Nimelipia nyingi na sijutii zote. Zina raha ya pekee, maana saluni nzima inasoma sehemu ile ile jana usiku na asubuhi mnaijadili.

Lakini kwa hadithi ya marafiki, mtindo huo unaua. Nililipia moja iliyoanza vizuri mno, kijana na binti waliokua mtaa mmoja, wanagawana chipsi, wanafundishana hesabu. Nikasema leo nimepata. Kufika kati, kwa kuwa kila sehemu lazima iishie kwenye mshtuko ili tulipie inayofuata, yakaanza: ajali, mimba ya kusingiziwa, mama mkwe mchawi, pacha aliyepotea. Urafiki ule uliokuwa umenivuta haukutajwa tena. Kisha mwandishi akapotea na hadithi haikuisha. La kutoisha liliniuma, lakini la kwanza liliniuma zaidi. Urafiki unajengwa na siku ambazo hakuna kinachotokea, na simulizi ya kulipia kipande kwa kipande haiwezi kumudu siku kama hizo.

Ninachokitamani ni riwaya nzima ya Kiswahili, iliyoisha, ya marafiki wawili wa hapa hapa. Na tuna jambo ambalo Austen hakuwa nalo: mshenga. Fikiria binti ana rafiki yake wa kiume wa miaka yote, na kijana mwingine anataka kumposa, anamtuma rafiki huyo huyo awe mshenga kwa kuwa familia inamwamini. Anakwenda, anakaa mkekani mbele ya wazee, anafungua kinywa kumsifia mwenzake kwa binti ambaye yeye mwenyewe hajawahi kujua kama anampenda. Atakayeiandika hiyo aniambie, nitalipa kitabu kizima kabla hakijachapwa.

Kwa upande wa kuzipata, Emma na vitabu vya mwanzo vya Anne si lazima uvinunue. Hati miliki zake zimekwisha, na Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, wanavitoa bure kabisa. Chagua faili la EPUB, ni jepesi, bando dogo linatosha, na lisome kwa programu yoyote ya vitabu kwenye simu. Ukiwa unapanda treni kwenda Tabora, shusha kabisa kabla ya kutoka Kigoma, kwa sababu njiani mtandao unakatika na utabaki unatazama pori. Vya Emily Henry na Ahern vinauzwa kwa dola na vinataka kadi. Mimi nilitumia kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu, ikakubali.

Na atakayechagua Anne asirukie kile cha 1915 kwa sababu ndicho chenye posa. Aanze na cha 1908, apite cha pili, ndipo afike hapo. Asipokuwepo siku kibao kilipopasuka, na siku Gilbert alipoiachia ile shule, hataelewa kwa nini Gilbert akiambiwa hapana inauma namna ile.