Keycloak baada ya kampuni kuungana: uzoefu wangu

Kampuni yetu ilipoungana na nyingine za nchi tofauti, kila upande ulikuja na saraka yake ya watumiaji: huku Active Directory (saraka ya Microsoft), kule saraka inayotumia LDAP (lugha ya kawaida ya kusoma saraka), kwingine majina yamehifadhiwa ndani ya programu ya uhasibu yenyewe. Wafanyakazi walilalamikia wingi wa nywila. Mimi niliogopa zaidi wale walioacha kazi, kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba akaunti zao zote zimefungwa. Mwaka 2021 wavamizi waliingia katika mtandao wa Colonial Pipeline, kampuni ya mabomba ya mafuta ya Marekani, kupitia akaunti ya zamani ya VPN (njia ya kuingia mtandao wa kampuni ukiwa mbali) isiyodai uthibitisho wa hatua ya pili. Nywila moja iliwatosha.

Tulichagua Keycloak, programu huria ya kuwaingiza watumiaji kwenye mifumo mingi kwa akaunti moja, iliyozaliwa kampuni ya Red Hat na kutolewa mwaka 2014. Ninachoipendea ni kwamba hailazimishi watu wote wahamie saraka moja siku ya kwanza. Inakaa katikati: saraka za LDAP na Active Directory inazisoma zikiwa hukohuko ziliko, na kampuni yenye mfumo wake wa kuingilia unaiunganisha kwa SAML 2.0 au OpenID Connect, kanuni mbili za mifumo kupashana habari za nani ameingia. Kwa mtumiaji, ukurasa wa kuingilia ni mmoja.

Ufungaji ni kazi nyepesi. Jasho liko kwenye kujua nani ni nani. Watu wawili wa kampuni mbili wanaweza kuwa na jina moja, na mtu mmoja anaweza kuwa na anwani mbili za barua pepe. Ukiunganisha akaunti kwa barua pepe pekee, ipo siku utampa mtu mafaili ya mwenzake, hasa pale anwani ya aliyeondoka inapopewa mgeni. Keycloak inapokuta anwani iliyokwisha kusajiliwa, kwa kawaida humtaka mtumiaji athibitishe kwanza kwamba akaunti ile ni yake. Usiizime hatua hiyo kwa kutaka wepesi. Sisi tulitumia namba ya ajira, isiyobadilika mtu akiolewa au akihama idara, na tukakaa na watu wa rasilimali watu kupitia majina yenye utata. Kazi hiyo hakuna programu itakayokufanyia.

Jaribu pia kumfungia mtu akaunti, kisha uangalie kinachotokea. Tokeni ya Keycloak (kibali cha kidijitali ambacho programu hupewa mtu akishaingia), usipobadilisha chochote, huishi dakika 5, na kipindi kizima cha kuingia kinaweza kufika saa 10. Lakini programu nyingi huanzisha kipindi chake zenyewe, na aliyefukuzwa anaweza kuendelea kusoma ripoti kana kwamba hakuna kilichotokea. Kabla ya kuunganisha programu yoyote, uliza kama seva ya Keycloak inaweza kuiamuru iwatoe watu. Nywila za zamani za programu hiyo nazo zizimwe, la sivyo umeongeza mlango mpya huku ule wa zamani ukiwa wazi.

Mlango mmoja una hatari zake. Seva ikianguka, kila mtu yuko nje, kwa hiyo weka zaidi ya moja na hifadhidata yenye nakala. Nywila moja ikiibwa, mwizi anaingia kila mahali. Wasimamizi wa mifumo wapewe funguo za WebAuthn (funguo za kidijitali zinazokaa kwenye kifaa badala ya nywila) kabla ya wengine wote, maana hizo hazikubali kutumika kwenye ukurasa bandia.

Gharama ya leseni hakuna, ila matoleo mapya huja mara kwa mara na lazima awepo mtu wa kuyafuatilia. Kama huna mtu huyo, lipia huduma inayoendeshwa na wengine, mfano Okta au Microsoft Entra ID.

Kwetu umebaki mfumo wa ghala usioelewa SAML wala OpenID Connect. Tumeuweka nyuma ya proksi, yaani seva ya kati, inayomthibitisha mtu kwa Keycloak kwanza. Watu wanaingia bila shida, ingawa ruhusa za ndani yake bado tunazipanga kwa mkono.