Matairi ya Boxer yangu: meno yamejaa, mpira umekwisha

Nina pikipiki ya Boxer 150 ambayo mwendo wake ni wa kimwalimu. Siku za wiki imeegeshwa nje ya nyumba za shule huku Shinyalu, Jumamosi tunateremka sokoni Kakamega, na mara mojamoja inanifikisha nyumbani Chavakali. Kwa matumizi ya namna hii tairi haliishi upesi, ila linazeeka, na watu wengi wakilitazama huangalia meno tu.

Kilichonishtua ni breki. Msimu wa mvua ukifika, Kakamega hunyesha alasiri karibu kila siku, na lami ikishalowa tairi la nyuma lilikuwa likiteleza kila nikigusa breki mteremkoni, hata nikienda polepole. Upepo nimepima, uko sawa. Fundi amefungua breki, hana la kurekebisha. Jirani yangu wa boda aliinama akalitazama, akasema, "Mwalimu, hilo bado lina mwaka mzima. Usimpe mwenye duka pesa za bure." Simlaumu. Kwake tairi la nyuma huisha katikati likawa bapa kabla halijapata nafasi ya kuzeeka, na yeye huliacha mpaka nyuzi zianze kuchungulia. (Hilo nalo ni kuchelewa. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira, na ubavuni wameandika TWI kukuonyesha vilipo. Meno yakishalingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha.)

Langu vinundu vilikuwa mbali kabisa. Basi nikaliosha ubavuni kwa brashi nikatafuta umri wake. Kuna herufi DOT, halafu mfuatano wa herufi na namba, na mwisho wake tarakimu nne kwenye kijiduara. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Langu lilisema 3115, yaani wiki ya 31 ya mwaka wa 2015. Usipoziona upande mmoja zunguka wa pili, kwa kuwa mara nyingi huandikwa upande mmoja tu.

Kampuni ya Michelin hushauri tairi likifikisha miaka 5 tangu lianze kutumika likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe libadilishwe hata kama kwa macho ni zima. Lakini mimi singengoja namba peke yake. Nililikunja kidogo kwa vidole gumba nikitazama kati ya meno, nikaona nyufa nyembamba zimetambaa sakafuni mwa mifereji, na karibu na rimu zilikuwa pana kiasi cha kushika ukucha. Nikabonyeza ukucha kwenye jino lenyewe: halikuingia hata kidogo, gumu kama soli ya kiatu cha shule kilichoachwa juani. Mpira hukauka kwa jua na hewa, na ile nta inayotiwa kiwandani kuukinga hutoka vizuri juu tairi linapozunguka na kujikunja. Tairi la pikipiki inayokaa wiki nzima imesimama, tena upepo ukiwa umepungua, hupasuka mahali palepale pa mkunjo. Na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa, hata meno yawe marefu namna gani.

Sasa kununua. Duka la kwanza la spea sitalitaja. Walinitolea tairi la nyuma, saizi 3.00-17, linang'aa vizuri kweli. Nilipoliinua nikaona limepakwa dawa nyeusi, na tarakimu zake zilionyesha limetengenezwa zaidi ya miaka sita nyuma. Kijana wa kaunta akaniambia, "Mwalimu, hili halijawahi kugusa barabara." Ni kweli, lakini lilikuwa likining'inia barazani likipigwa na jua, na bei aliyotaka ilikuwa ya tairi jipya. Nikamshukuru nikaondoka.

Duka la pili lilikuwa na ya mwaka uliotangulia, yamepangwa ndani kwenye giza. Nilichukua yote mawili, 2.75-17 ya mbele na hiyo 3.00-17 ya nyuma, pamoja na tyubu mpya. Watu hubana pesa kwenye tyubu, na sioni faida yake: ya zamani imeshatanuka, ukiiweka ndani ya tairi jipya inajikunja na pancha inakuja palepale pa mkunjo. Fundi wa kando ya barabara alifanya kazi safi. Alibadilisha ule mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku, akatia tyubu upepo kidogo kabla ya kuingiza ukingo wa tairi ili asiibane kwa chuma, na akaangalia mshale wa ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia. Jambo moja tu nililomkumbusha ni mnyororo: alirudisha gurudumu la nyuma akakaza nati kabla ya kulinganisha alama za kurekebishia mnyororo, za kulia na za kushoto. Akalegeza akaanza tena bila kununa.

Matokeo? Mwanzoni tairi jipya lina utelezi wake, kwa hiyo nililiendesha taratibu mpaka ule uso laini ukaisha. Baada ya hapo, mteremko uleule, mvua ileile, pikipiki inasimama nilipotaka isimame. Kwenye udongo mwekundu wa kuingia shuleni tairi la mbele halina ajabu, mistari yake hujaa tope ikawa kama hakuna kitu, na nadhani wenzangu wanaokaa ndani kabisa vijijini wangechagua lenye meno makubwa zaidi. Kelele pia imeongezeka kidogo kwenye lami.

Tairi la nyuma ningelinunua tena bila kufikiri. La mbele, kwa mtu wa lami, sawa. Kwa mtu wa matope, hapana.

Yale ya zamani jirani aliyaomba afunge kwenye mkokoteni wa kubebea maji. Nilimpa, kwa masharti kwamba asiyarudishe kwenye pikipiki.