Stepu dauni za LM2596 nilizonunua Kariakoo: itazame koili kabla hujatoa hela

Wadau habari zenu. Hii naiandika kwa wale wanaofunga solar ndogo majumbani, zile za betri moja ya 12V, alafu unataka watu wachaji simu bila kuweka inveta. Nimenunua moduli mbili za kushusha volti, zote kwenye duka zinaitwa jina moja, zote zimeandikwa LM2596 kwenye chipu, zote wanasema zinatoa ampia 3, na ukiziweka mezani pembeni kwa pembeni unaona ni mapacha. Lakini moja ilinisumbua wiki mbili nzima na nyingine inafanya kazi safi kabisa, na tofauti kubwa nimeikuta kwenye kile kidubwasha cheusi cha mviringo ambacho watu wengi hatukitazami kabisa, yaani koili.

Kazi yenyewe ilikua ni kwa bi mkubwa Mkuranga. Taa tatu, redio, na sehemu ya kuchajia simu mbili kwa pamoja maana jirani zake wote wanachajia pale. Betri inatoa 12V simu inataka 5V. Zamani mafundi tulikua tunatupia 7805 tu basi, ile chipu ya kizamani inayoshusha volti kwa kuzichoma, ila ukichota ampia moja kwenye 7805 kutoka 12 kwenda 5 zile volti 7 zilizobaki zote zinageuka joto, ni wati 7 zinapotea ili simu ipate wati 5, na kwa mtu anayesubiri jua lichaji betri mi siwezi kumfanyia hivyo. Ndo nikaenda na hizi LM2596 ambazo karatasi ya chipu yenyewe inakuambia kwa 5V utapata karibu asilimia 80 ya umeme ulioingia.

Ya kwanza nimenunua buku sita. Nikaiset 5V, nikafunga soketi ya USB, simu moja ikachaji vizuri nikafurahi. Nikachomeka ya pili, dakika tano tu chipu imechemka kidole hakikai, koili nayo inachemka na inatoa kamlio kembamba, mita inasoma 4.6V badala ya 5 na simu zinaandika zinachaji polepole. Na kibaya zaidi redio ya bi mkubwa, ambayo anaipenda kuisikiliza AM usiku, ikaanza kukoroma kila simu ikichomekwa. Nikabadilisha kapasita (vile vikopo vinavyotunza chaji na kulainisha volti), nikakaza viungo, nikaweka hitisinki (bati la kupoozea chipu), hamna kitu.

Sasa ili mnielewe shida ilikua nini inabidi niwaeleze koili inafanya nini mule ndani, maana ukishaielewa hutaibiwa tena.

Koili ni waya tu umezungushwa kwenye kipande cha feraiti, ile kama jiwe jeusi linaloshika sumaku. Umeme ukipita kwenye waya unazaa sumaku kuuzunguka, na ukizungusha raundi nyingi zile sumaku zinajumlishana na kukaa kwenye feraiti. Ile sumaku ikiwa inakua inaupinga umeme unaoingia, na ikiwa inapungua inausukuma umeme uendelee kwenda, kwa hiyo koili haikubali mkondo ubadilike ghafla, wala kupanda ghafla wala kushuka ghafla. Mliowahi kusukuma mkokoteni uliojaa mizigo pale Kariakoo mnalijua hili mwilini, kuuanzisha ni jasho, lakini ukishakolea mwendo hata ukiacha kusukuma unaenda wenyewe na ole wako uliye mbele. Koili ndo huo mkokoteni, na henri, kile kipimo chake kilichopewa jina la Joseph Henry wa Marekani, kinakuambia mkokoteni una uzito gani.

Sasa chipu ya LM2596 ni msukumaji. Ndani yake kuna swichi inayofungua na kufunga mara elfu 150 kwa sekunde. Ikifunga, betri inasukuma umeme kupitia koili kwenda kwenye simu na wakati huo huo sumaku inajaa. Ikifungua, betri haipo tena kwenye mchezo, lakini koili haikubali mkondo ukatike, inaendelea kuusukuma kwa ile sumaku iliyoweka akiba, na umeme unazunguka kupitia ile dayodi nyeusi iliyoandikwa SS34 (dayodi inapitisha umeme upande mmoja tu) unarudi kwenye koili. Kwa 12V kwenda 5V swichi inakua imefunga kama asilimia 42 tu ya muda, muda uliobaki simu inakula akiba ya koili. Hakuna mahali volti 7 zinachomwa kama kwenye 7805, ndo uzuri wake wote huo. (Na hiyo dayodi msiichukulie poa, ikifa koili inakosa pa kupeleka mkondo wake, volti zinaruka kupita kiasi na chipu inakwenda nayo. Ni kitu kile kile kinachofanya tunaweka dayodi kwenye koili ya relei, ile swichi inayovutwa na sumaku.)

Haya, hesabu kidogo, ni kuzidisha na kugawanya tu. Swichi ikifunga koili inapata 12 toa 5, yaani 7V. Koili ya moduli yangu ya kwanza ilikua imeandikwa 330, maana yake 33 na sifuri hakuna, maikrohenri 33 (maikro ni moja ya milioni). Ukigawanya 7 kwa 33 unapata mkondo unapanda kama ampia 0.21 kila maikrosekunde. Kama chipu inakwenda kilohezi 150 kweli, yaani zile mara elfu 150 kwa sekunde, swichi inakaa imefunga maikrosekunde 2.8, kwa hiyo mkondo unapanda ampia 0.6 alafu unashuka, hiyo ni kawaida kabisa.

Ila mi nilipoweka mita kwenye mguu wa pili wa chipu, ule wa kutolea, nikiwa nimeifungia mzigo wa ampia moja, mita ilisoma kilohezi 52 na ushee. Nikapima mara tatu nikidhani mita imechoka. 52 ni mwendo wa chipu za zamani za LM2576, sio LM2596. Yaani mtu amechukua chipu ya mwendo wa taratibu akaiandika jina la chipu ya mwendo wa haraka, alafu akaiwekea koili ndogo ya ile ya haraka. Kwa kilohezi 52 swichi inakaa imefunga maikrosekunde 8, zidisha kwa 0.21, mkondo unapanda ampia 1.7 kila mzunguko! Simu mbili zinachota ampia 2, ina maana kileleni mkondo unagonga karibu 2.9 na koili yenyewe ni kinyonge kama kifuniko cha soda.

Na hapo ndo panakuja kitu ambacho mafundi wengi hawakiongelei, koili kushiba. Feraiti ina kiwango chake cha kubeba sumaku, ikifika hapo imeshiba, hata uongeze mkondo sumaku haiongezeki. Koili iliyoshiba sio koili tena, inabaki waya tu, uzito wa mkokoteni unapotea ghafla na msukumaji anaanguka kifudifudi. Mkondo unaruka juu, chipu inashtuka na kujikata kwa ulinzi wake wa ndani, volti zinashuka, kila kitu kinachemka. Ile 4.6V yangu ilikua ni hiyo. Wiki mbili nahangaika na kapasita kumbe koili imeshiba.

Nikaamua kuisuka upya mwenyewe. Kwenye pawasaplai mbovu ya kompyuta ya mezani kuna lile donati la njano lenye upande mmoja mweupe, limezungushiwa waya mnene. Msitupe jamani, lile ni dhahabu ya fundi! Nikalivua waya wote, nikazungusha raundi 20 kwa waya wa milimita moja, nikapima kwa kale katesta ka LCR-T4 kanakopima koili na kapasita, kakasoma 0.04mH, yaani maikrohenri 40. Nikaongeza mpaka raundi 40 nikitegemea 0.08, kakasoma 0.14. Nilikaa nikaitazama ile namba kwa raha kabisa maana kitu nilichosoma shuleni miaka hiyo nakiona mezani, ukizidisha raundi mara mbili koili inaongezeka kama mara nne, kwa sababu kila raundi mpya inaongeza sumaku na pia inaipokea sumaku ya wenzake wote. Sio nne kamili hapo kwa sababu katesta kenyewe kanakata namba, chini ya 0.01mH hakaoni kitu, kwa koili ndogo za redio hakatakufaa ila kwa kazi kama hii kananitosha sana.

Nikabaki na raundi 35, ikasoma 0.11mH. Nikang'oa kile kidonge cha 330, nikachomelea donati na risasi ya kutosha, nikalifunga na zipu tai lisitingishike. Kwa hesabu ile ile mkondo sasa unapanda nusu ampia tu badala ya 1.7. Simu mbili, mita inasoma 5.05V na haitikisiki, donati linapata uvuguvugu tu, mlio umekwisha. Na redio imetulia sana, kwa sababu donati linafungia sumaku yake ndani ya mviringo, wakati kile kidonge cha kwanza kilikua wazi juu na pembeni kinamwaga sumaku kila upande, na kwa mwendo wa 52 makelele yake yanarudi kila baada ya kilohezi 52 mpaka yanaijaza AM yote. Angalizo, donati hilo la njano linaenda vizuri na mwendo wa taratibu kama huu wa 52, kwenye 150 lenyewe litakua linakula umeme na kuchemka, huko tafuta feraiti inayofaa.

Moduli ya pili nikainunua duka lingine mtaa wa nyuma, buku nane. Safari hii sikukubali kufungiwa kwenye mfuko kabla sijaigeuza geuza. Koili ni kubwa zaidi, imeandikwa 470 yaani maikrohenri 47, na imevalishwa pete ya feraiti kwa nje kwa hiyo sumaku haimwagiki hovyo. Nilipofika nyumbani nikapima mwendo, 149. Nikaipa ampia 2 saa nzima, chipu ina joto ila kidole kinakaa, koili vuguvugu, volti 5.02. Hii ndo moduli inayostahili jina lake na buku nane ni bei ya haki kabisa, wala sijutii ile elfu mbili ya juu.

Mambo mengine ya kujua kwa zote mbili. Kale kaskrubu ka kurekebishia volti unaweza kukazungusha raundi kibao kinyume saa hamna kinachobadilika, usikate tamaa, endelea, na RIKEBISHA KABLA hujafunga simu kwa sababu zinatoka dukani zimesetiwa volti za juu. Ukigeuza chanya na hasi kwenye betri inakufa hapo hapo, hakuna ulinzi, mi naweka dayodi na fyuzi mwanzoni. Ampia 3 zilizoandikwa mi sizifuati, ampia 2 mfululizo bila hitisinki ndo mwisho wangu, hasa kwa joto letu la Pwani ukiifungia kwenye kiboksi kisicho na matundu. Na kama simu inachaji taratibu wakati volti ziko sawa unganisha zile pini mbili za data za soketi ya USB kwa pamoja, ndo simu inajua hii ni chaja inajiachia kuchota.

Kwa maksi, ile ya buku sita naipa 3 kwa 10 na hizo tatu ni kwa sababu imenifundisha, ya buku nane naipa 8, ingepata 9 kama wangeweka kapasita kubwa kidogo upande wa kuingilia. Ukienda dukani muulize muuzaji akutolee mbili tatu uchague, tafuta iliyoandikwa 470 na yenye pete ya nje, ishike uone kama ina uzito, na kama una mita inayopima hezi nenda nayo kabisa na kabetri kadogo, wauzaji wengi wa pale ni waelewa ukiongea nao vizuri watakuacha upime.

Ile ya donati nimebaki nayo mezani kwangu inaendesha feni ndogo ya USB. Ya buku nane ndo iko Mkuranga, mwezi wa nne sasa, na jana bi mkubwa kanipigia akasema jirani kaleta simu mbili usiku wakati yeye anasikiliza taarifa ya habari na redio haikukoroma hata kidogo.