Pegi za Hema: Ipi Ununue kwa Ardhi Ipi

Ukifungua mfuko wa hema jipya, mle ndani utakuta kimfuko kingine chenye vijiti vya chuma vyembamba kama kalamu, vyenye vichwa vilivyokunjwa mfano wa bakora: ndizo pegi, za kupigilia ardhini ili kushikilia kamba za hema. Vina sentimita 18 hivi. Vihesabu, virudishe mahali pake, halafu nenda kanunue vingine.

Mimi sikufanya hivyo. Agosti moja nilikuwa kambi ya umma Seronera, ndani ya Serengeti, ardhi imekauka tangu mvua za masika ziishe na imeshindiliwa na magari miaka nenda rudi. Nilipigilia pegi kumi na mbili. Tisa zilipinda kabla hazijazama hata nusu. Mpishi wa kundi la jirani alinitazama kwa muda, akaenda kwenye gari lao, akarudi na ndoo ya rangi iliyojaa vipande vya nondo. "Shika hizi, kaka. Hizo zako ni za bustanini."

Tangu siku hiyo, pegi nazinunua kando na hema, na kila mara najiuliza mambo mawili tu: ardhi ya huko ikoje, na mzigo utabebwa na gari au na mgongo wa mtu. Mpangilio ninaoutoa hapa umetokana na maswali hayo.

1. Nondo ya fundi: kama unakwenda na gari

Hii ndiyo ya kwanza kwangu, wala haiuzwi dukani. Nenda kwa mafundi wa kuchomelea, iwe Gerezani ya Dar es Salaam, Kamukunji ya Nairobi au kijiweni mtaani kwako, uagize nondo ya milimita 10. Kila kipande kikatwe sentimita 36, sita za juu zikunjwe kuwa ndoano, ibaki shina la sentimita 30. Nondo moja ya mita 12 inatoa pegi 33, kwa hiyo tafuta mwenzako mgawane.

Simama hapo hapo fundi akifanya kazi. Mwambie ncha aichonge kwa grinda iwe butu kidogo, maana ikichongwa kama sindano hujikunja ikigusa jiwe la kwanza. Mwambie pia apitishe msasa ndani ya ndoano. Kingo zilizoachwa na mkato wa chuma hukata kamba ya hema polepole, na utagundua usiku upepo ukishaanza. Wengine huchomelea washa, yaani kile kiduara cha chuma chenye tundu, kichwani badala ya ndoano. Ni rahisi kuigonga, ila kama fundi hakuchomelea vizuri, washa itaruka nyundo ya tatu.

Uzito ndio kasoro yake. Kipande kimoja kina gramu 220 hivi, kumi na mbili ni kilo mbili na nusu na ushee. Kwenye buti la gari si kitu. Milimita 8 inatosha kwa hema la watu wawili kwenye ardhi ya kawaida. Milimita 12 iachie maturubai ya sherehe.

Pegi hizi ndizo za nyanda za Serengeti kuelekea Ndutu, ambako chini ya udongo wa majivu ya volkano kuna tabaka lililoshikana kama saruji, kiasi kwamba hata miti inashindwa kupenyeza mizizi. Yapo pia maduka ya vifaa vya kambi yanayouza pegi za chuma cha kufuliwa kutoka Japani, nzuri kwa kuzitazama. Ukipewa zawadi, pokea. Kununua, sioni sababu wakati fundi yupo.

2. Alumini ya mabawa matatu: kama unakwenda kwa miguu

Ukiitazama kutoka upande wa ncha, inafanana na herufi Y. Yenye sentimita 19 ina gramu 14 hivi, maana yake pegi kumi na mbili za namna hii ni nyepesi kuliko nondo moja ya fundi. Kilimanjaro, ambako mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, tofauti hiyo ina maana kwa mtu anayeibeba. Yale mabawa yanashika udongo pande tatu, hivyo pegi haizunguki kamba inapovuta.

Jihadhari na za bandia zilizotengenezwa kwa alumini laini. Dukani shika moja kwa mikono miwili ujaribu kuikunja kwa nguvu ya kawaida, ikilegea, irudishe. Na usiigonge kwa jiwe upande wa bawa moja, igonge katikati au isukume kwa soli ya kiatu.

Ila hata hizi zina mwisho wake. Kambi ya Barafu, huko huko Kilimanjaro kwenye mita 4,673, utakuta mawe bapa yamelaliana na udongo wa kupigilia karibu hakuna. Pale wapagazi hawahangaiki na pegi. Wanafunga kamba kwenye jiwe dogo, kisha wanaweka jiwe kubwa mbele yake, upande wa hema. Upepo ukivuta, jiwe dogo linajibana nyuma ya kubwa. Jiwe moja peke yake huburutwa. Kwa safari ya huko ongeza vipande vya kamba vya mita mbili, na chagua jiwe lisilo na makali.

3. Pegi pana za mchangani, au kiroba

Ziko kama mfereji mdogo, pana, ndefu, zenye matundu. Ufukweni Diani, Paje au Pangani ndizo pekee za kupigilia zenye maana, kwa sababu pegi nyembamba kwenye mchanga mkavu unaing'oa kwa kidole. Hata hivyo mimi sizinunui. Nachukua viroba vitupu vya kilo tano, najaza mchanga, nafunga shingo kwa kamba ya hema na kufukia kina cha mkono hadi kiwiko au zaidi, kisha namwagia maji. Upepo wa kusi ukivuma usiku kucha, asubuhi kiroba kiko palepale. Viroba vyako ondoka navyo.

4. Plastiki nene

Za uani, uwanja wa shule, nyasi zilizonyeshewa. Zikigusa jiwe zinavunjika, zikikaa juani miezi zinakauka na kukatika. Ni bei ndogo, na watoto hawajikati.

5. Titani nyembamba

Nyepesi ajabu, gramu sita tu, na hujipenyeza kati ya kokoto. Lakini kwenye udongo tifutifu inazunguka na kuchomoka, na bei yake inauma. Za mtu anayehesabu gramu hadi za mswaki.

Bado kuna ule udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka kiangazi na kuwa ugali mvua ikinyesha. Pegi fupi haina kazi hapo. Tumia ya sentimita 40 au pigilia mbili kwa kila kamba, zipishane kama mkasi, na usiingize pegi kwenye ufa hata kama inaingia kwa urahisi. Inatoka kwa urahisi uleule.

Pegi yoyote uliyonunua, ilaze kidogo kichwa kikitazama mbali na hema, na kamba ikae karibu na ardhi. Kamba iliyofungwa juu ya shina inaigeuza pegi kuwa wenzo na kuing'oa. Kuzitoa, pitisha ndoano ya pegi nyingine chini ya kichwa, izungushe, uvute. Usivute kwa kitambaa cha hema, ndipo mishono inapoachia.

Na zipake rangi ya chungwa au nyekundu. Nondo iliyosahaulika kwenye nyasi itampata mtu mguuni au gari kwenye tairi.

Ndoo yangu leo ina nondo kumi na sita, alumini kumi, viroba sita, kamba na nyundo ya ratili mbili. Zile tatu za Seronera ambazo hazikupinda ninazo pia. Nazitumia kushikilia chandarua cha miche ya mchicha.